Andika Tu, Usisikilize

Amukura, 18 Mei 2025

Kwa binti yangu Alaso,

Sisi huku wazima, ni mguu wangu tu unaosumbua asubuhi kukiwa na baridi. Wewe je? Na huo moshi wa malori, kifua kimepoa? Kuku wametotoa, na mwewe bado hajajua.

Among ndiye anaandika hii, maana mimi na kalamu hatukujuana. Jumapili alisoma matangazo kanisani mbio mbio hadi watu wakapiga makofi. Mama Aguti akasema mjukuu wangu atasoma habari kwa redio. Nikampa mandazi.

Hilo neno la kumchukua shule zikifungwa, akae nawe Malaba umsimamie masomo, nimekubali kwa shingo upande. Wewe ndiye umemzaa. Lakini mtoto asijue kwanza. Akijua atalia na atakataa kula. Iwe siri yetu sisi wawili.

Mama yako

Malaba, 25 Mei 2025

Mama mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Ukande na maji moto, usiuache hivyo hivyo. Kifua changu kimepoa, ni usingizi ndio umenikimbia. Madereva wanataka chai kabla jua halijatoka. Hii nimempa Omuse wa boda akusomee mwenyewe, Among akiwa shule.

Mama, hiyo siri imeandikwa na nani? Mwandiko ni wa Among, mzuri, hata nukta ziko. Ameandika kwamba atahamishwa, na kwamba asijue atahamishwa! Halafu akakunja karatasi akampa Omuse. Nimemuuliza Omuse kama mtoto alikuwa analia. Akasema, "Alikuwa ananiomba nimbebe kwa piki hadi njia panda."

Nilicheka, halafu baridi ikaniingia. Nikampigia mwalimu wake, Edinah. Anasema Among anatamka kila neno, lakini ukimuuliza amesoma nini anaangalia dari. Kwa hadithi anabahatisha. Kwa maelezo ya vitu vya kweli, kama mimea au maji, habaki na chochote.

Basi mandazi ya mbio mbio yaishe. Nimetuma karatasi ya chanjo ya kuku, ile ya kideri, nimeitoa agroveti, duka la dawa za mifugo. Mwalimu amesema kabla ya kusoma umuulize anajua nini kuhusu ugonjwa wa kuku. Asome kipande kidogo, afunike, akuambie kwa Kiteso imesema nini. Akishindwa arudi tena, bila kugombezwa. Neno gumu aulize. Na mkimaliza, mfanye kile kilichoandikwa, aone maneno yanafanya kazi.

Akionyesha anaelewa, anabaki kwako. Asipoelewa, nakuja kumchukua, hata kama hapa ni honi mchana na usiku. Hapo sibadiliki, Mama.

Binti yako

Amukura, 22 Juni 2025

Alaso,

Salamu nyingi. Mguu ni afadhali, maji moto yamesaidia. Umepata usingizi? Omuse ndiye anaandika, ameegesha piki hapa kwangu na chai ameshakunywa.

Kwanza umemwonea mtoto. Ile siri nilimwambia, "Andika tu, usisikilize." Among ni mtiifu.

Karatasi tumeisoma hadi imechakaa. Siku za kwanza alikuwa anapita juu ya maneno kama hawa watu wa boda juu ya matuta. (Omuse amekataa kuandika hiyo. Nimemlazimisha.) Nikisema funika, uniambie, machozi. Nikamwambia, "Sasa unanililia, na kuku wangu wafe? Mimi ndiye sijui. Niambie nifanye nini." Akarudi, akasoma polepole.

Siku ya chanjo, Omuse alipoileta kutoka agroveti, nikachota maji ya bomba ya kuichanganyia, yale yananuka dawa. Akanishika mkono mimi bibi yake. "Tata, wacha! Maji yenye dawa yataua chanjo!"

"Nani amesema?"

"Karatasi. Na kuku wanyimwe maji kwanza, wakiwa na kiu watakunywa yote."

Tukatumia maji ya mvua. Vifaranga wanakimbia. Kwa Mama Aguti wameisha wote kwa kideri.

Bado unamchukua?

Mama yako

Malaba, 6 Julai 2025

Mama mpendwa,

Nashukuru mguu umesikia maji. Barua yako niliisoma nimesimama, chapati ikaungua.

Lakini Among anapenda kuku tangu aanze kutambaa. Labda ni kuku tu. Nimetuma maelezo ya nyuki na mengine ya kukausha mahindi. Kwa sasa mpango unabaki, nitakuja Jumamosi ile shule zikifungwa. Mwandalie nguo taratibu. Pole, Mama, najua. Omuse akusomee hii pia.

Binti yako

Amukura, 27 Julai 2025

Kwa binti yangu Alaso,

Hujambo huko? Sisi tunaendelea. Omuse hajapita wiki hii, kwa hivyo Among ndiye anaandika. Mahindi tumeyaanika juu ya turubai, si chini, kama ilivyoandikwa. Nguo zimefuliwa, na ile sweta nimeishona kiwiko. Begi liko chini ya kitanda. Ukija Jumamosi, ingia kama mgeni tu, asishtuke

Mama, hapa ni mimi Among. Nimemsimamisha Tata. Anasema niandike tu. Nimemwambia sijaelewa kipande hiki, narudi juu. Sweta ya kiwiko ni yangu. Basi hizo nguo ni zangu. Basi wa kushtuka ni mimi. Nimemuuliza Tata kama ni kweli. Ameangalia dari.

Mama, sitaki kuhama. Nakupenda. Lakini karatasi imesema chanjo irudiwe baada ya miezi mitatu, na Tata hajui kusoma. Nani atamwambia kuhusu maji? Na hii siri ilianza lini?

Tata anasema nimalize na salamu. Salamu.

Mtoto wako

Malaba, 30 Julai 2025

Mama, na wewe Among,

Natumaini hamjagombana. Hii someni pamoja, Omuse apumzike.

Nilikaa juu ya kreti la soda, nikacheka huku machozi yanatoka. Dereva akaniuliza, "Mama, ni msiba?" Nikamjibu, "Hapana, boss. Mtoto wangu amenikatalia." Akaacha chai nusu, akaondoka.

Among, siri ilianza Mei. Iko kwa barua uliyoiandika wewe mwenyewe, nimeirudisha humu. Isome polepole, ufunike, umwambie Tata imesema nini.

Mama, toa nguo kwa begi. Jumamosi nafika, lakini siji kuchukua mtu. Nakuja kulala. Jogoo wako, hata kama amechanjwa, mwambieni aniache nilale.

Binti yako, na mama yako