Dirisha la Fundi Cherehani

Chumba cha uani,
nyuma ya duka la fundi cherehani.
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa Mjomba,

Keti kwanza. Barua uliyoshika imetoka kwa kocha bora wa kriketi kuliko wote, walio hai na waliotangulia, na anayebisha aje uani kwetu na kibao chake. Shikamoo. Nimeiweka ya pili ili usiiruke.

Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Mama anasema dada yako ni yeye, si daktari, kwa hiyo umsikilize: soksi mbili. Bibi mzima kabisa, bado ananiita mzigo na sauti inafika barabarani. Mimi kule gereji sasa napewa matairi ya malori. Baiskeli nimewaachia wadogo.

Kibao ulichoniachia kipo. Nakipaka mafuta kila Jumamosi, na anayekiegemea namfukuza. Nakushukuru kwacho, na kwa zile jioni ulizotoka kazini umechoka, ukanirushia mpira hadi giza likatutenganisha. Wakati ule nilidhani unanisumbua.

Sasa mimi ndiye ninayerusha. Uani panajaa watoto, nami nawapa maneno yako kama yangu. Laza kibao chini, kiokote kama unavyookota shoka, mikono ikae pamoja kama ndugu wanaopatana. Bega limwelekee mrushaji. Kichwa kitulie. Mguu uufuate mpira pale unapodunda, ndipo upige. Kuna mmoja alishika kama mwiko, nikamuuliza anapika nini. Siku hizi ndiye anayewacheka wenzake.

Lakini anayewapita wote ni binti yako. Kiroboto hapigi mpira, Mjomba, anaubembeleza mpaka uende anakotaka yeye. Shida ni kwamba mgongoni mwake, pale anaposimama, kuna dirisha la fundi, na fundi alishanionya, "Kijana, kioo hicho kikipasuka utanishonea suruali mpaka uote mvi." Nikaweka sheria: mpira unaokuja miguuni, ambao ukipigwa huelekea mgongoni, uachie upite, anayeupiga kuelekea dirishani ametoka. Wakazoea. Kioo hakijapata hata mkwaruzo. Nitajie kocha mwingine mwenye nidhamu hiyo.

Uliuliza kama ameingia timu ya wasichana ya wilaya. Nimekuwa nikiizunguka tu habari hiyo. Hakuingia.

Siku ya majaribio alianza vizuri, akipiga upande wa mbele yake mpaka waliokuwa wakiokota wakaanza kunung'unika. Kisha akaja mrushaji mmoja mrefu, akamrushia miguuni. Kiroboto akauachia. Akamrushia tena, akauachia tena. Upande ule wa uwanja mtupu, hapana hata kuku. Wa mwisho ukapita nyuma ya miguu yake, ukaangusha vijiti alivyokuwa akivilinda, akawa ametoka. Mwalimu wa timu akamuuliza, "Mbona ile rahisi ndiyo unayoiacha?" Akajibu kwa adabu zote, "Kuna dirisha." Mwalimu akageuka kutazama. Kulikuwa na nyasi tu.

Nyumbani nilisema mwalimu yule ana upendeleo. Bibi akaniamini, na hapo nikajua kweli amezeeka. Kiroboto hakunisema kwa mtu. Njiani tu ndipo alipouliza, "Kaka, kwani kule kwingine hakuna madirisha?" 

Wamemwambia ajaribu tena mwezi ujao. Sasa tunaamka mapema, tunakwenda kiwanja cha nyuma ya maghala, namrushia miguuni, hapo hapo tu. Mwanzoni mkono ulikuwa unamganda. Jana akaupiga mmoja kuelekea mgongoni kwake, ukapotelea majanini, tukautafuta tukicheka hadi nikachelewa gereji. Namshukuru mwanao, bado ananiita kocha. Nakushukuru na wewe, maana subira ile hakuitoa kwangu.

Mama, Bibi na fundi wote wanakusalimu. Kiroboto anasema atakuandikia mwenyewe akishapata la kusema. Mpe salamu yule mpishi mnayelala naye chumba kimoja, na umwambie kukoroma ni ugonjwa. Mungu akuepushe na ajali za kazini, akurudishe na magoti yote mawili.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini siku unaondoka ulinishika bega ukaniambia, "Watoe uani, wapeleke kwenye uwanja wa wazi." Nilikusikia vizuri. Nikabaki uani kwa sababu wateja wa fundi husimama pale dirishani, nami nilipenda wanione nikifundisha. Dirisha halikuvunjika hata siku moja, Mjomba. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mpwa wako akupendaye,
Kocha (usicheke)