Mgomba wa Ndani ya Pipa

Kadutu, Bukavu
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kutoka mbali. Umelalaje? Goti lako bado linatangaza mvua kabla haijanyesha? Na paa la jikoni, kaka Mulonda ameliziba au bado anasema kesho? Kaka, wewe unayemsomea Mama barua hii, soma polepole, wala usiruke pale penye jina lako.

Sisi tuko. Ukiuliza habari nitasema nzuri, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu. Lakini nimechoka, Mama. Nimechoka hata nikikaa.

Kuna neno nililolisema jana, na Mama Kyanga, yule mchuuzi wetu wa mawese, alilisikia kwa masikio yake. Atarudi Shabunda nalo, na sitaki ulipokee kwake peke yake. Ila ukilisikia bila mwanzo wake utanilaani, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Miguu ya mjukuu wako Zawadi, anayekutaja koko kila siku, inaendelea taratibu. Mara tatu kwa juma nambeba mgongoni kutoka huku Kadutu mpaka hospitali. Wanamnyoosha miguu, wanamfunga vyuma, analia, tunarudi. Kushuka si kitu, kupanda ndiko kunakonimaliza. Ana miaka saba sasa, si mzigo wa mgongoni tena. Daktari anasema bado miezi sita, na nikimtoa katikati miguu itarudi ilivyokuwa siku ile mlipotusindikiza kwenye gari. Ndiyo maana chumba hiki nakishika kwa meno. Mjini hapa mwenye mtoto mgonjwa haambiwi karibu upesi. Nilibisha milango tisa kabla Mama Nabintu hajanifungulia.

Huyu Mama Nabintu ni mjane, kabila lake Mushi, wa hapa hapa, na kiwanja aliachiwa na mume wake. Si mtu mbaya, ila anaishi kwa woga. Ndugu za marehemu wanakitaka kiwanja kile, na wakija kumsalimu macho yao yanapima ua kwanza. Siku ya kwanza alinionyesha chumba, kisha akanionyesha ua, mahali pa kutandika mikeka miwili hivi, akasema:

“Maman Zawadi, nyumba nakupatia. Lakini jembe mu udongo yangu, hapana. Batu balisha kunichosha.”

“Na nikipanda mu mukebe?”

Akafikiri. “Mukebe ni ya kwako. Mu mukebe panda tu.”

Sikumchukia, Mama. Desturi yao na yetu ni moja: anayepanda kitu cha kudumu ardhini ameweka mguu wake pale. Mboga kama lengalenga unaing'oa, imekwisha. Lakini mgomba unazaa watoto, na watoto wake wanazaa, na siku moja mtu anasimama anasema hapa ni kwangu, tazameni migomba yangu.

Basi nikawa mkulima wa mikebe. Ungeniona ungecheka. Mikebe ya maziwa ya unga niliyookota nyuma ya hospitali, bidoni la plastiki lililopasuka ubavu, beseni la mtu aliyelichoka, mpira wa gari, hata kikapu nilichokitandika majani ndani. Mwanzoni sikutoboa chini, nikajivunia kwamba maji hayapotei. Lengalenga yote ikaoza mizizi, ikanuka. Nikajifunza kwa aibu: toboa kwa msumari, weka vijiwe, halafu udongo. Na udongo wenyewe! Wa huku kilimani ni mwekundu, ukikauka ni tofali. Nikapatana na mama mmoja wa kijiji cha Miti anayeuza viazi sokoni Nyawera. Nilimfulia nguo za nyumba nzima naye akaniletea udongo mweusi, gunia moja juu ya viazi vyake. Kwetu tunaukanyaga bure, mimi hapa naufulia nguo.

Gunia lenyewe sikulitupa. Nilisimamisha katikati yake mkebe usio na matako, nikaujaza kokoto, nikaweka udongo kuzunguka, nikawa nauvuta mkebe juu kidogo kidogo mpaka gunia likajaa. Ukimwaga maji juu, kokoto zinayapeleka mpaka chini. Ubavuni nikachana matundu na kuchomeka matembele. Sasa limeota kila upande kama kichwa cha mtu asiyejua kitana. Mboga hatununui tena. Zawadi akikaa mkekani kazi yake ni kuchuma pilipili na kuwakemea konokono.

Halafu wewe ukanitumia mgomba. Mama, wewe tu ndiye unayeweza kumtumia mtu mgomba Bukavu, mji uliozungukwa na migomba! Mama Kyanga aliuteremsha kwenye gari umefungwa majani mabichi kama mtoto mchanga, akanipa na maneno yako: panda huu, siku utakapotoa mkungu Zawadi awe anatembea. Nililia siku ile, sikukuandikia. Nikatafuta pipa la mafuta lililokatwa nusu. Chini kutu ilikuwa imelila mpaka likawa kichungi, nami nikafurahi kwamba halihitaji msumari. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Baridi ya huku iliukawiza mgomba, lakini ulikua, mwaka ukapita na zaidi, na mwezi huu umetoa ua lake jekundu.

Jana ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, watu wote wa mtaa kutoka kufanya usafi. Mkuu wa mtaa alipita na watu wake kukagua usafi, akaamuru mfereji uchimbwe kukata ua wetu, vyombo vyote visogezwe. Mikebe ikasogezwa. Gunia likaburutwa. Wanaume wawili wakalishika pipa. Halikutoka.

“Eh! Hii pipa iko nzito ao iko na mizizi?”

Mwingine akainama, akachungulia. “Iko na mizizi! Ilisha kutoboka chini. Ilishika udongo muzuri!”

Watu wakacheka. Mama Nabintu hakucheka. Shemeji yake mkubwa alikuwa mle mle uani na koleo lake la salongo, naye hakucheka pia, ila alifurahi, nilimwona.

“Munaona?” akasema kwa sauti ya kusikika njiani. “Mugeni anapanda mugomba mu parcelle, mu kiwanja ya ndugu yetu, na huyu mama ananyamaza. Basi hii fasi haina mwenyewe. Sisi tutaishika.”

Mama Nabintu akanigeukia. “Maman Zawadi, nilikukosea nini?”

Mama, mimi sikuwa nimeitaka ardhi ya mtu. Lakini nani angeamini, na mizizi iko pale? Nikaona mambo mawili kwa pamoja: yule mama ananyang'anywa kiwanja kwa ajili yangu, na mimi niko barabarani na mtoto na vyuma vyake. Mkuu wa mtaa akainua mkono watu wanyamaze.

“Citoyenne, wewe mama, sema mbele ya batu bote. Huu mugomba ni ya nani?”

“Ni ya Maman Nabintu,” nikasema. “Yeye njo alinipatia kile kitoto ya mugomba. Mimi nilimupandia tu, juu mugongo inamuumaka.”

Shemeji akadakia kwamba nasema uongo. “Bongo! Bote hapa banajua ilitokaka kwenu Shabunda. Mama yako njo alituma.”

Wakati ule ndipo nilipomwona Mama Kyanga mlangoni, ameshika bidoni la mawese aliloniletea. Yeye aliyeubeba mgomba ule kwa mikono yake. Macho yetu yakakutana. Nami nikasema, Mama, nikimtazama yeye:

“Mama yangu hakutumaka kitu. Sina kitu ya kwetu hapa.”

Zawadi akainua kichwa mkekani. “Mama, si koko njo alituma?”

“Mutoto anachanganya,” nikasema. Nikacheka hata. Sijui kicheko kile nilikitoa wapi.

Mkuu wa mtaa akamaliza: mgomba wa Mama Nabintu, umepandwa na Mama Nabintu katika ardhi ya Mama Nabintu, watu wote ni mashahidi, na mfereji upinde upite pembeni. Shemeji akatupa koleo akaondoka. Mama Kyanga akaliweka bidoni chini, akajifunga kitenge chake vizuri, akaenda bila kuaga. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori.

Jioni Mama Nabintu alikuja na bugali na samaki, akakaa kizingitini mpaka tukamaliza kula. Hakusema asante. Alisema hivi: “Ulinitoa mu shimo, lakini wewe uliingia. Minajua. Kaeni mpaka mutoto atembee.” Alipofika kwake akarudi tena: “Lakini ile mikebe yako, kila Jumamosi unyanyue!” Leo mkono wangu wa kulia hauinuki. Nilianza jana ile ile, mikebe yote na gunia.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Zawadi hajaniuliza tena habari ya mgomba. Nilimfundisha mwaka mzima kusema kila asubuhi: huu ni wa koko. Leo asubuhi aliumwagia maji bila kusema kitu.

Wasalimie nyumbani: Mjomba aliyenifundisha kusoma, na mkewe wa kicheko kikubwa, mama mkubwa wa upande wa mtoni, mwambie dawa yake ya kuchua miguu bado naitumia, daktari asijue, wifi yangu na mapacha. Baba Zawadi akitoka kwenye mashimo ya dhahabu, mwambieni binti yake anasimama kwa kushika ukuta, mpaka mtu ahesabu ishirini. Mulonda, nakusalimu wewe mwisho kwa sababu ya lile paa.

Kaka akimaliza kukusomea, aichome barua hii. Shemeji wa Mama Nabintu si mtu wa kulala. Magari yanakuja huko, anaweza kumtuma mtu akuulize. Mama, akija mtu huyo, mkaribishe, mpe maji, na akikuuliza kama uliwahi kumtumia binti yako mgomba, mjibu hapana. Najua ninachokuomba. Mimi nimekukana mara moja, na sasa nakutaka wewe mwenyewe ujikane. Tafadhali, Mama, mjibu hapana.

Ni mimi mtoto wako wa tatu,
Wabiwa