Mwonja Maji wa Kiwanda cha Magodoro

Jumatatu, 4 Machi

Nimeonja kisima, bado nipo. Cheo kikubwa hiki — cheo cha chambo! Tangu mvua nyeusi ziue miji, hapa kiwandani hakuna anayegusa maji kabla yangu. Nakunywa kikombe asubuhi, nakaa kwenye stuli, watu wananikodolea macho. Jua likifika utosini sijaanguka, ndoo zinashuka. Kinyozi, mkubwa wetu, alisema kazi hii inataka mtu mwenye uzoefu. Mwongo huyo! Alitaka mtu ambaye akifa hasara ni ndogo.

Leo wamekuja wakimbizi wawili. Mama mmoja, fundi cherehani, na binti yake mwenye mimba kubwa kama ngoma. Viatu vimebaki kamba tu. Wamepewa stoo ya kando ya kisima. Watu wameshaanza kununa, chakula chenyewe cha kugombania. Mjukuu wangu kawapelekea godoro. Magodoro tunayo tele, kiwanda kiliachwa kimejaa. Tunalala kama wafalme, tunakula kama kuku.

Jumatano, 6 Machi

Fundi kanishonea koti bila kuombwa. Akasema, babu, hili lina matundu mengi kuliko kitambaa. Nikamjibu mimi bado kijana, lazima nipitishe upepo. Binti yake alicheka mpaka akashika tumbo. Mjukuu wangu alisema hajanisikia nikichekesha mtu kwa wema siku nyingi. Ana mdomo huyo! Kaurithi kwangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya upumbavu.

Nilishaonja. Nimekaa kwenye stuli, nimechoka kutazamwa. Kinyozi anajitapa mbele ya watu kwamba tangu ashike uongozi hakuna aliyeumwa hata tumbo. Shetani akanitekenya. Nikajibwaga chini! Macho juu, mate mdomoni, miguu inarusha vumbi. Kinyozi alilia kama mbuzi — tamu sana! Nilitaka niwaache wahangaike kidogo, kisha niinuke nicheke.

Sauti ya mwanamke ikasema: ni hao wa stoo! Jana nilimwona yule mama anasuuza nguo pale kisimani!

Basi. Wote wakageuka. Nami nikaendelea kulala. Kwa nini? Niliogopa kipigo. Mzee mzima! Wakanibeba, wakanipa uji wenye sukari, sukari ile wanayowekewa wagonjwa. Nikaunywa. Wote. Nje nilimsikia fundi anaapa: hatujagusa kitu jamani, maji hayo na sisi tunakunywa.

Na bakuli nililamba.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemfuata Kinyozi, nimemwambia ukweli. Nilikuwa natania. Akanishika bega, eti mzee, una huruma sana, lakini usiwakingie kifua. Haki ya Mungu natania! Akasema niliapa hivyohivyo siku niliyotangaza kuna nyani kavaa suruali getini, watu wakatoka na marungu. Walinzi wakacheka. Kila nikisema kweli wanacheka zaidi. Miaka yote najenga jina la uongo, leo nimehamia ndani yake.

Wageni watatolewa kesho. Huko nje hakuna maji mpaka milimani, na yule binti hata kuinama hawezi.

Mjukuu wangu peke yake kaniamini. Alisema, najua babu, nilikuona umefumbua jicho. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alikuwa ananisubiri mimi. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa kwenye stuli. Asubuhi fundi na binti yake walishafika getini, wameketi juu ya mizigo yao. Nikawaambia wote: leteni jagi la hawa watu, maji waliyoteka wenyewe kisimani. Nikidumu hapa mpaka jua liwe utosini, wanabaki. Kinyozi alisita, lakini umati ulishaitikia, akakubali.

Kikombe kimoja kingetosha. Mimi? Nikamaliza jagi zima! Tumbo tupu. Nikapangusa mdomo, nikawakonyeza. Fundi hakucheka. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mtoto aliyeshika kiberiti.

Sasa tumbo linasokota. Sijui ni wingi wa maji, sijui ni woga, sijui kuna kitu kweli kisimani. Kama kipo, hakikuwekwa na hao. Nani atanisikiliza?

Mjukuu wangu kaja kusimama karibu. Babu, unatoka jasho. Nikasema jua kali. Akasema jua lenyewe limeingia mawinguni.

Kainama kama ananifunga kamba za kiatu. Kaninong'oneza: usijikunje, wanakuangalia.

Ndiyo maana naandika, nipate sababu ya kuinamisha uso. Msokoto umekuja tena — kama mtu anakamua nguo ndani yangu! Binti ameegemea geti, mikono kiunoni. Kinyozi anakuja huku, anaita, vipi mzee, upo?

Natabasamu. Meno yote matano yako nje. Nimemwambia nipo, asinizibie upepo. Haondoki. Kachuchumaa mbele yangu, anataka nisimame aone kama miguu bado inanibeba. Naweka kalamu.