Aliye Nyuma ya Stepani

Jumapili, 2 Juni 1974

Ulikuwa wapi, wewe bibi? Tangu mvua zikatike daftari limelala chini ya godoro, panya wameanza kulionja pembeni, na wewe unapita tu kama hulijui. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima aliwaambia andikeni kila siku, vidole vya kizee vinasahau upesi. Haya, angalia sasa. Herufi zimepinda kama mkia wa mbwa.

Najisema mwenyewe. Nani mwingine atasoma humu? Binti yangu Veronika hana nafasi, tumbo limefika puani.

Mpunga umeingia wote. Leo nimesiriba upya kwa udongo kiwanja cha kupigia mpunga. Kimekuwa laini, unga ukimwagika pale unauzoa na kuupika.

Stepani Mrusi bado anakula kwangu. Wenzake wa mtambo wa kuchimba visima wanakula makopo yao kambini, yeye anakuja na sahani. Nampa ugali na kambare. Anatafunia pembeni, meno ya mbele hana. Nikamuuliza, mkeo alikupiga? Akacheka. Akasema ni kazi yake ya zamani. Kazi gani inang'oa meno? Mpira, Mama.

Jumatano, 5 Juni

Amenieleza. Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika.

Kwao maji ya mto yanakuwa jiwe. Watu wanatembea juu, hata lori. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mzee, si mjinga. Akaapa. Wanavaa viatu vyenye kisu chini, wanateleza, kila mtu na gongo lake, wanagombea kidude cheusi cha mpira, bapa kama kitumbua. Anatembea nacho mfukoni. Nimekishika. Kizito. Baridi, na kimetoka mfukoni mwa mtu.

Alianza utotoni, mtoni kwao, na mdogo wake Alosha. Stepani mbele, Alosha nyuma. Alikuwa anakipiga kile kidude nyuma bila kugeuka, Alosha anakipokea. Walizoea hivyo. Siku moja maji yalikuwa hayajakomaa kuwa jiwe. Stepani akapiga nyuma, hakusikia gongo likipokea. Akageuka. Shimo tu.

Hawakumpata. Hana kaburi.

Nikamwongeza mchuzi.

Jumamosi, 8 Juni

Leo kamalizia.

Alipokua timu ya kiwanda ikamchukua, halafu timu kubwa ya mji wao mkuu. Ikawa ndiyo kazi, analipwa, anakula nyama kila siku, anapanda ndege kwenda kucheza kwa watu. Picha yake magazetini. Watu walimpendea kitu kimoja. Anapiga nyuma bila kutazama, adui hajui mpira umekwenda wapi, mwenzake anaukuta na kufunga. Wakaandika kwamba ana macho kisogoni.

Hakuwa na macho. Alikuwa anasikia viatu vya Alosha nyuma yake. Kwaru, kwaru. Anampa.

Miaka yote ile mwenzake mmoja alikuwa anatokea pale. Mpaka mechi kubwa kuliko zote. Akasikia kwaru, kwaru, akapiga nyuma, na hapakuwa na mtu. Wageni wakauokota wakafunga. Wakashindwa. Kocha akamuuliza, ulimpa nani? Akasema, mdogo wangu.

Ikawa mwisho. Madaktari wa akili, halafu mitambo ya visima. Anaomba kazi nchi za joto tu, sababu huko maji hayawi jiwe.

Nikamuuliza, na hapa kijijini kwetu Mamba unamsikia?

Akaosha sahani yake akaenda.

Jumanne, 11 Juni

Veronika amejifungua. Mvulana. Mrefu kama mwiko. Namshukuru Mungu na mgongo unaniuma.

Alhamisi, 13 Juni

Mtoto analia tangu jana. Hashiki ziwa. Midomo imekauka.

Sisi tunajua. Mtoto akilia hivyo anadai jina. Kuna mtu wa zamani anataka kuitwa. Mnawataja wafu mmoja mmoja, akisikia la kwake ananyamaza, ananyonya. Wifi yangu Agata amekuja kusaidia. Tumetaja wa upande wangu, tumetaja wa kwao Agata. Agata akasema, "Mtaje na kaka yangu, labda mumeo amefuata pombe yake." Tukamtaja. Mtoto akazidi.

Yakaisha majina. Veronika analia, mtoto analia. Mimi nimechoka, kinywa kiko wazi, na jina likatoka. Sikulitaka. Alosha.

Kimya. Akageuza kichwa, akashika ziwa.

Agata akanitazama. "Alosha wa ukoo gani, wifi?"

Nikamwambia wa mtoni.

Jumapili, 16 Juni

Ananyonya, lakini miguu ni baridi. Si baridi ya Juni. Nimemweka juani saa sita mchana, nimempaka mafuta, nimemfunga kwa kanga zangu zote. Ukishika unyayo ni kama umeshika mtungi.

Asubuhi nimekuta michirizi miwili kwenye kiwanja changu cha mpunga. Myembamba, mirefu, kama ya ncha ya kisu. Kuku hachori hivyo. Nimesiriba juu yake bila kumwambia mtu.

Agata amenigombeza. Jina mmelitoa, sasa ndugu wa damu wa marehemu yuko wapi? Maana kazi haijaisha. Ndugu lazima amnyweshe mtoto maji kwa kiganja chake na kumwita. Bila hivyo marehemu anabaki mlangoni, nusu ndani nusu nje, na mtoto anapoa naye. Nilijua. Nilikuwa nangoja mtu mwingine aseme.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda kambini. Nimemwambia Stepani bila kuzunguka: mdogo wako yuko nyumbani kwangu, njoo umpe maji.

Nilidhani atanicheka. Akakaa chini, kwenye mavumbi. Akasema, "Chochote, Mama. Damu yangu chukua. Maji hapana. Maji ndiyo yalimla."

Nikamfokea mbele ya wenzake. Na mjukuu wangu afe kwa woga wako? Dume zima, mabega kama mlango! Akasema tu mtambo unahamia Mpanda Jumatatu, na yeye anapanda treni huko aende zake.

Nilirudi nalia. Kwa hasira. Na kwa kumhurumia, mjinga yule.

Alhamisi, 20 Juni

Padre amembatiza haraka haraka. Aleksi, lililo karibu na Alosha. Maji ya kisima, ya asubuhi. Mtoto hakulia hata kidogo. Hilo ndilo limeniogopesha.

Usiku wa jana hakunyonya.

Nimekaa jikoni nachochea moto, nawaza. Stepani hakatai mtoto. Anakataa maji ya kwao, yale yanayogeuka. Sufuria ikaanza kuchemka mbele yangu nikajipiga paja. Mzee mzima, na chemchemi ya Majimoto iko pale pale!

Jumamosi, 22 Juni

Nilipanda lori lao na mtoto mgongoni, Veronika kando yangu. Nikamwambia Stepani endesha mpaka Majimoto, sishuki. Akaendesha.

Majimoto pana mvuke muda wote. Maji yanatoka ardhini yanachemka yenyewe, yai linaiva. Babu zetu waliyakuta hivyo. Stepani alisimama mbali. Akaniuliza kama hapa hayajawahi kuwa jiwe, hata siku moja. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hata shetani anapima kwa kidole kwanza."

Akasogea. Akatia mkono pale yanapopoa, akautoa, akautia tena. Akachota kidogo, akangoja yapoe kiganjani. Yanavuja, anachota tena. Hatukumharakisha. Veronika akamfungua mtoto.

Tone, na jingine. Mtoto akalamba.

Akamwita. Alosha. Halafu akasema naye kwa lugha yao, maneno mengi, kama mtu anayempa mgeni habari za nyumbani. Sikuelewa hata moja na nilielewa yote. Mimi nilikuwa nimeshika unyayo. Ukaanza kupata joto mkononi mwangu, polepole, kama chungu kilichotengwa jikoni.

Alinyonya njia nzima ya kurudi.

Jumapili, 23 Juni

Baada ya misa Stepani kaja kuaga. Mkononi fimbo iliyopinda mwisho, sijui ya mchunga ng'ombe gani. Akaomba ruhusa ya kiwanja changu. Nikamwambia ukikichimba utakisiriba mwenyewe.

Akaweka kitumbua chake cheusi chini, akaanza. Mtu mkubwa vile, na viatu vya kazi, lakini alikuwa mwepesi. Huku, kule, fimbo haikiachi. Nikaona sasa kwa nini watu walilipa kumtazama. Mimi nimesimama ukingoni, mtoto kifuani.

Akasimama. Mgongo kwangu. Akainamisha kichwa, anasikiliza. Na mimi nikasikia. Kwaru. Sitaandika zaidi ya hapo.

Akapiga nyuma bila kugeuka.

Kidude kikateleza juu ya udongo, kikaja moja kwa moja, kikanigonga dole gumba la mguu. Nilimtukana siku ya Bwana.

Bado hakugeuka. Akauliza taratibu, "Mama. Kuna mtu?"

Nikamwambia, "Tupo. Na umeniumiza."

Ndipo akageuka. Alilia na mapengo yake yote nje.

Jumapili, 30 Juni

Lori liliondoka Jumatatu. Kambi imebaki makopo. Sahani yake aliiacha juu ya kinu changu, na kidude juu ya sahani.

Mtoto ananyonya, anakunya, amenenepa shingo. Agata anamtania mtoto, anamwita shemeji yake Mrusi.

Alfajiri kiwanjani bado kuna kwaru, kwaru. Si kila siku. Nilidhani sauti hiyo itapanda treni na Stepani. Haikupanda. Amekwenda peke yake yule, mara ya kwanza, na hiyo imebaki kwetu. Siogopi sana. Nimeacha kusiriba juu ya michirizi.

Wewe bibi, ukirudi kusoma hapa, usikawie tena kama ulivyokawia. Kabla hujafungua daftari, mshike mtoto unyayo. Ukiwa na joto, kalale. Ukipoa, tenga maji motoni, toka nje usimame ukingoni mwa kiwanja, umwite Alosha huku umekipa kiwanja mgongo. Usigeuke. Ngoja apokee.