Aliyeitika Kijitoni

Jumatatu, 3 Machi
Kahawa. Maombi mawili ya kazi. Zawadi amekataa uji tena. Tangu barafu ya kijito kilicho nyuma ya ghorofa zetu ilipopasuka chini yake, nami nikamvuta kwa kofia ya koti, mdogo wangu huyu hali, halali, hasemi. Daktari hakuona ugonjwa. Mama anasali. Mimi nasoma. Sijui nani kati yetu anajidanganya zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Ximena, mwenzangu wa chuo, mzaliwa wa Veracruz, amekuja na mikate mitamu. Akamtazama Zawadi. Kwao, alisema, ingedaiwa ni kazi ya machaneque: vijitu vyenye umbo la mtoto na uso wa kizee, walinzi wa maji. Humshtua mtu, roho yake ikabaki kwao. Dawa ni kurudi palepale na nguo ya mgonjwa, kumwita kwa jina la nyumbani, na kuendelea kuita hadi mlangoni.

Nilimkatiza. Nikamfafanulia kwamba visasili vya aina hiyo vilitungwa ili watoto wasisogelee maji.

"Hongera, profesa," akasema. "Na huyu wako alisogea kwa kukosa kisasili?"

Bado nina hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Hata maji hanywi. Asipokunywa kesho, atalazwa. Nimeogopa.

Nilichukua skafu yake, yeye nikamwacha kitandani. Nilikwenda kijitoni kuukomesha upuuzi, si kuuamini. Naliandika hili kwa heshima yangu mwenyewe. Saa kumi jioni, watu wakitembeza mbwa. Niliita kwa aibu: "Zawadi, twende nyumbani."

Chini ya daraja la kijito kukaitika: "Abee."

Sauti ni yake. Neno si lake. Zawadi amezaliwa huku ughaibuni, Etobicoke, Mama amemgombeza miaka yote aitike kwa adabu, na jibu ni lilelile: "What?"

Niliita njia nzima. Sikugeuka. Nyuma yangu, hatua za miguu mitupu, fupi, zenye majimaji.

Tulipofika alikuwa ameketi kitandani. Akaomba chakula.

Nimeandika "tulipofika". Sitalifuta.

Jumapili, 9 Machi
Anakula kila kitu. Mama amelia kwa furaha, amewapikia majirani pilau. Nimempigia Ximena: je, roho huitika ikiitwa?

"Haiitiki," akasema. "Inafuata tu. Nani alikuitikia?"

Nikakata simu.

Alhamisi, 13 Machi
Theluji nyepesi. Mama humwita bila haja, ili tu asikie. "Abee, mama." Anasema hatimaye Mungu amemlea mtoto wake.

Jioni nimepita darajani. Sikukusudia kuita, jina limenitoka lenyewe. Kutoka chini, kwa kuchoka, kama mtu aliyeamshwa:

"What?"

Nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Kisha nikarudi. Mama alikuwa amekwisha kupakua. Tumekula sote watatu, na Mama sijamwambia.