Pombe Niliyoirudisha Buraza

Gasorwe, Muyinga

Kwako mdogo wangu Kastori,

Natumaini barua hii itakukuta wewe, mkeo Josefina na watoto mkiwa na afya njema hapo Gitega, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima. Maharage yameota vizuri, na nyuki wamerudi kwenye mti wetu wa mvugangoma ulio juu ya shamba. Naandika kwa sababu simu hukatika, na isipokatika, wewe huikata.

Bila shaka unamfahamu Sheliza, binti wa Mansoor mwenye duka la vitambaa karibu na kwako. Alifika hapa kwa ajili ya utafiti wake wa chuo kikuu kuhusu mivugangoma. Alipima mashina, akakusanya majani na mbegu, akawauliza majirani wanautumia mti huo kwa kazi gani. Walimtajia ngoma, vinu, mizinga na kivuli cha kahawa. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Huko kwenu Gitega, vilima vya Gishubi na Buraza, mivugangoma bado ipo, lakini karibu yote imepinda, kwa kuwa iliyonyooka ndiyo inayokatwa kuchongwa ngoma. Mbegu zinazobaki ni za ile iliyopinda, na miche hufuata mama zake. Katika vilima vyote alivyopita hakuona mti mzee ulionyooka na kuzaa kama wetu. Alituomba tuuache uzae.

Siku ileile ulinipigia simu kusema kwamba Leonardi, mchonga ngoma wa Buraza, atakuja kuukata mti, maana wewe ulikuwa umekunywa pombe yake ya mtama. Ulidai ulidhani ni ukarimu tu. Ni kweli tulikulia Kigoma, lakini baba alitufundisha desturi ya kwetu: mchonga ngoma hanunui mti, huleta pombe, na mwenye shamba akiinywa, ameutoa. Wewe uliinywa. Nilipokueleza habari ya mbegu, ukasema binti wa dukani hajui miti, na kwamba wewe ndiye mwanamume wa ukoo huu. Ukacheka, ukaniuliza kama mti huo utanioa.

Kisha ukakata simu. Usidhani nilikubali.

Sasa nikuambie nilichofanya, kabla hujakisikia kwa wengine. Nilipika pombe ya mtama, nikajaza chungu, nikakipakata ndani ya basi kutoka Muyinga, huku povu likinilowesha kitenge. Gitega nilipita mbele ya mlango wako bila kubisha hodi. Buraza nilimkuta Leonardi uani pamoja na wanawe, wakiwamba ngozi. Nikaweka chungu mbele yake, nikamwambia narudisha ile aliyokunywa ndugu yangu. Wanawe wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Mama," akasema, "pombe ya mwanamuke hairudishe muti."

"Basi usiinywe," nikamjibu. "Lakini siku utakayokuja na shoka, utanikuta nimeuegemea."

Nikamwonyesha magogo yaliyolala uani kwake, yote yamepinda kama kiwiko, nikamuuliza wajukuu zake watachonga nini. Aliyatazama kama mtu anayetazama deni la mwanawe. Kisha akamwagiza mkewe alete mirija miwili, tukanywa kutoka chungu kimoja, mbele ya wanawe. Hana dai tena. Aliomba miche tu, na Sheliza ameahidi kumpelekea.

Kwa hiyo usimtafute Leonardi, wala usinipigie kunieleza mambo ya wanaume. Ukikaribishwa tena na mchonga ngoma, mwambie una kiu ya maji. Na ukija Gasorwe, njoo mti ukiwa na maua. Nitakupa asali yake, ila shoka uliache Gitega.

Msalimie sana Josefina, uwabusu watoto, umpe Mansoor shukrani zangu kwa malezi ya binti yake. Mti haukunioa, Kastori, lakini umebaki nyumbani.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Theodosia