Matumbo Manne ya Ng'ombe

Kimamba, Alhamisi

Huyu Kabula wa kidato cha pili bado ananikera. Nimefundisha kwamba ng'ombe ana matumbo manne, naye akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, ni tumbo moja lenye vyumba vinne. Nyumbani naliosha mimi." Darasa zima likamcheka, eti mfugaji kajileta. Nikamwambia akae chini.

Jioni nimemwomba muuza nyama anipe tumbo zima, asilikate. Nimelipasua kwenye beseni, nikapitisha mkono. Vyumba vinne, na vyote vinaingiliana. Ni moja.

Ajabu, roho imetulia. Kesho nitakiri mbele ya wale wale waliocheka, kisha Kabula aeleze ubaoni. Naogopa kidogo.

Ningepeleka na ushahidi, lakini tumeshaula na ndizi.